Picha ya Meno Imeonyesha Kitu Kwenye Sainasi: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Mpaka Upate Jibu

Ulikwenda kupigwa picha kwa ajili ya jino. Pengine ulitaka kupandikiza jino jipya, pengine gego lilikuwa linasumbua. Ripoti ikarudi na mstari ambao hukuutegemea: utando wa sainasi (chumba cha hewa ndani ya mfupa, juu ya magego ya juu) ya kulia umenenepa, au sainasi ya kushoto imejaa. Daktari wa meno akakwambia ukaonane na wa pua. Wa pua akatazama, akasema mambo haya ni ya meno. Umebaki katikati, bahasha mkononi.

Maswali ya namna hii yananifikia tena na tena, na watu hukwama palepale. Wengine huikunja ripoti na kuiweka kabatini kwa kuwa hawasikii maumivu. Wengine hununua antibayotiki, wakapata nafuu ya siku chache, hali ikarudi, wakanunua tena. Wengine husoma neno moja kwenye simu usiku wa manane, wasilale mpaka asubuhi wakidhani wana saratani.

Kivuli kwenye picha ni swali. Jibu lake hupatikana jino na pua vikichunguzwa kwa pamoja, kila mtaalamu akiwa na picha ileile mbele yake. Hatua zilizo hapa chini zinakusaidia kulifikisha swali hilo mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Picha yenyewe katika mfumo wa kompyuta, kwenye diski, flashi au kiungo cha kupakulia. Karatasi iliyochapishwa haitoshi.
- Ripoti ya maandishi ya mtaalamu wa kusoma picha, kama ipo.
- Picha za zamani za meno, hata za miaka mingi iliyopita, hata zilizofifia.
- Orodha ya meno ya juu yaliyowahi kuzibwa, kusafishwa mizizi, kuvikwa kofia, kung'olewa au kupandikizwa, na mwaka ikiwa unaukumbuka.
- Orodha ya dawa unazotumia, na magonjwa kama kisukari, pumu, au lolote linalopunguza kinga ya mwili.
- Daftari dogo la kuandikia dalili.

Ukienda mkono mtupu kwa daktari wa pili, kazi itaanza upya, na mara nyingi utapigwa picha nyingine ambayo hukuihitaji.

## Kwanza kabisa: dalili zisizosubiri hatua yoyote

Nenda hospitali leo hii, bila kusubiri miadi, ukiona lolote kati ya haya:

- Jicho limevimba, limetokeza nje, linauma likigeuzwa, au unaona vitu viwiliviwili au kwa ukungu.
- Kichwa kinauma vikali, shingo imekakamaa, una homa kali au unachanganyikiwa.
- Uso unavimba haraka, au unashindwa kumeza au kupumua vizuri.
- Una kisukari kisichodhibitiwa au kinga dhaifu, na uso unauma au umekufa ganzi, au unaona doa jeusi kwenye kaakaa au ndani ya pua. Kuna fangasi inayokula tishu kwa kasi kwa watu wa hali hii, na kila saa ina thamani.

Kundi la pili la dalili si la leo usiku, lakini ni la wiki hii, wala si la mwezi ujao: pua ya upande mmoja inayotoa damu mara kwa mara, shavu lililokufa ganzi, meno ya juu yanayolegea bila ugonjwa wa fizi, uvimbe kwenye kaakaa, meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri na ghafla yamekataa kukaa, mdomo usiofunguka kama zamani. Saratani ya sainasi ni nadra, na ikitokea huwa inanyamaza kwa muda mrefu. Ndiyo maana hizi ishara ndogo hazipuuzwi.

Kama huna hata moja, pumua. Una muda wa kufanya mambo kwa utaratibu.

## Hatua ya 1: Pata picha nzima

Rudi pale ulipopigwa picha uombe faili zote. Kwa skani ya pande tatu, ile inayoandikwa CBCT, omba zitolewe katika mfumo wa DICOM, yaani mfumo wa faili za picha za kitabibu. Usikubali kurasa mbili zenye vipande vilivyochaguliwa. Daktari wa pua anahitaji kuona mlango wa sainasi, na yule aliyechagua vipande vyako alikuwa anatafuta jino.

Kwa nini: Sainasi ya shavuni ni chumba cha hewa ndani ya mfupa, kilichokaa juu ya magego ya juu na chini ya jicho. Sakafu yake inapakana na mizizi ya meno. Mlango wake wa kutolea kamasi uko juu, karibu na dari, ukielekea ndani ya pua. Kamasi haimwagiki yenyewe kama maji ya ndoo. Inasukumwa kupanda na vinyweleo vidogo vya utando mpaka ifike mlangoni. Tatizo linaweza kuanzia sakafuni, kwenye jino, au mlangoni, kwenye pua. Picha inayoonyesha sakafu peke yake imekupa nusu ya habari.

Kama ulipigwa ile picha pana ya taya zote, ambayo huonyesha meno yote kwa mstari mmoja, fahamu kwamba ni picha bapa. Mfupa wa shavu, kaakaa na nyama za ndani ya pua huweza kuangusha vivuli vyao juu ya sainasi vikaonekana kama ugonjwa. Kivuli kwenye picha hiyo kinatosha kukufanya uulize, hakitoshi kukufanya utibiwe.

Utajuaje umefaulu: Faili zinafunguka kwenye kompyuta, na unaweza kupita kipande kwa kipande kutoka kwenye meno hadi karibu na jicho.

Onyo: Kwenye picha hizi kwa kawaida unatazamwa kana kwamba umekaa ana kwa ana na mtazamaji. Upande wako wa kulia uko kushoto mwa kioo cha kompyuta. Tafuta herufi R au L pembeni. Nimewaona watu wakijibinya shavu la kushoto kila asubuhi kwa wiki nzima, na kilichoandikwa kiko kulia.

## Hatua ya 2: Elewa kilichoandikwa, neno kwa neno

Hapa usiharakishe. Maneno ya ripoti hutisha kuliko maana yake, na mengine hutuliza kuliko inavyostahili.

Utando umenenepa. Utando wenye afya ni mwembamba sana, kiasi cha milimita 1 hivi, hata mara nyingi hauonekani. Ukifika milimita 2 au 3 wasomaji wa picha huanza kuuandika. Mafua ya kawaida yanaunenepesha. Mzio na moshi wa sigara pia. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: siku ile ya picha, au wiki mbili kabla yake, nilikuwa na mafua? Kama ndiyo, mwambie kila daktari atakayeitazama. Unene ulio pande zote mbili, laini, kwa mtu asiye na dalili, mara nyingi si habari kubwa. Unene wa upande mmoja, uliokusanyika juu ya mzizi wa jino moja, ni habari nyingine kabisa.

Kifuko chenye umbo la kuba. Ripoti inaweza kukiita uvimbe wa maji au kifuko cha kamasi. Kinaonekana kama nusu ya yai iliyolazwa sakafuni, ukingo wake laini, mfupa ukiwa mzima pande zote. Hiki ndicho kinachowakosesha watu wengi usingizi, na ndicho chenye madhara kidogo zaidi. Wengi hawana dalili yoyote, na kinaweza kutoweka bila kuguswa. Usikubali kupasuliwa kwa sababu tu kipo. Kinachotakiwa ni mtu wa kuthibitisha kwamba mfupa chini yake haujaliwa na kwamba jino la chini yake liko hai.

Mstari wa maji na hewa. Nusu ya chini nyeupe, ya juu nyeusi, na katikati mstari ulionyooka kama maji kwenye glasi. Huu huashiria maambukizi mapya, au damu baada ya kuumia usoni. Unatakiwa kuulizwa dalili zako mara moja.

Sainasi imejaa. Chumba kizima kimepoteza weusi wa hewa. Ikiwa ni upande mmoja tu, hili halikai kabatini. Upande mmoja humfanya mtaalamu afikirie jino bovu, donge la fangasi, nyama iliyoota puani, au uvimbe. Daktari wa pua ni lazima, hata kama jino la kulaumiwa limeshapatikana.

Chembe nyeupe katikati. Vipande vyeupe kama vya chokaa vikielea ndani ya kivuli vinaweza kuwa donge la fangasi, jiwe dogo lililojijenga kwa miaka, au kitu kigeni: kipande cha mzizi kilichosukumwa juu wakati wa kung'oa, dawa ya kujazia mzizi iliyopita kiasi, au skurubu ya jino la kupandikiza iliyozama. Donge la fangasi kwa mtu mwenye kinga nzuri huondolewa kwa upasuaji kupitia puani. Vidonge vya fangasi kwa kawaida si tiba yake.

Mfupa umeliwa, umesukumwa au umekunjika. Ukisoma maneno ya namna hii, ruka hatua nyingine zote upate miadi ya haraka.

Kiambaza au sainasi ndogo. Kuta ndogo za mfupa ndani ya sainasi, au sainasi iliyokua kidogo upande mmoja, mara nyingi ni maumbile tu. Zinamhusu zaidi anayetaka kukupandikizia jino. Isipokuwa kama jicho la upande huo linaonekana kuzama ndani kidogo kidogo: kuna hali ambapo sainasi iliyoziba hujivuta ndani kimyakimya na kushusha sakafu ya jicho. Jitazame kwenye kioo, ulinganishe na picha zako za zamani.

Jambo moja la kukumbuka kuhusu skani za meno: zinaonyesha mfupa na hewa vizuri mno, lakini haziwezi kutofautisha usaha, kamasi, nyama na uvimbe. Vyote vinatoka kijivu kilekile. Yeyote anayekwambia kwa uhakika kwamba "huu ni usaha" kwa kutazama skani ya meno peke yake, amesema zaidi ya alichoonyeshwa.

Utajuaje umefaulu: Unaweza kujibu maswali manne bila kutazama ripoti. Upande gani? Mmoja au pande zote mbili? Kivuli kiko juu ya jino gani? Mfupa ni mzima?

## Hatua ya 3: Andika kumbukumbu ya dalili kwa siku saba

Kila jioni andika mistari michache: pua imeziba upande gani, kamasi ina rangi gani, kuna kamasi inayoshuka kooni, uso unahisi mzito ukiinama, kuna jino linalouma ukitafuna.

Ongeza swali ambalo watu huona haya kulijibu: je, unasikia harufu mbaya puani ambayo wenzako hawaisikii, au ladha chafu inayoshuka upande mmoja wa koo? Harufu ya uozo ya upande mmoja ni mojawapo ya ishara zenye nguvu zaidi kwamba chanzo ni jino. Watu hupiga mswaki mara nne kwa siku, wananunua dawa za kusukutua, wanakaa mbali na wenzao wakizungumza, na kumbe chanzo kiko juu ya gego. Mwambie daktari waziwazi. Hakuna cha kuonea haya.

Andika pia dalili zimedumu muda gani. Mafua ya virusi kwa kawaida huanza kupungua ndani ya siku 7 hadi 10. Yakipita siku 10 bila nafuu, au ukapata nafuu kisha ukazidiwa upya, bakteria wanashukiwa. Dalili zikifika wiki 12, huo umekuwa ugonjwa sugu na unahitaji uchunguzi wa ndani ya pua.

## Hatua ya 4: Meno ya juu yachunguzwe, moja baada ya jingine

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na sababu ni moja: jino haliumi. Niruhusu nieleze kwa kirefu.

Jino likifa, kiini chake huoza na bakteria hutoka kupitia ncha ya mzizi. Kwenye taya ya chini usaha hukwama ndani ya mfupa, presha hupanda, na mtu hupiga kelele. Juu, ambako ncha ya mzizi imetenganishwa na sainasi na mfupa mwembamba kama ganda la yai, usaha unapata njia ya kutokea. Presha haipandi. Maumivu hayaji. Jino bovu linamwaga uchafu wake ndani ya sainasi kwa miezi, na mwenye jino anajua tu kwamba "pua yangu ya upande huu haiponi".

Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi kwenye kiti cha meno:

"Mama, hili gego lilishawahi kukuuma?"

"Miaka mingi nyuma, daktari. Likapoa lenyewe likanyamaza. Hili ndilo zima kuliko yote."

Kisha pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi inagusishwa kwenye jino la jirani, anaruka. Inagusishwa kwenye lile gego "zima", anatazama dari. Hasikii kitu. Jino limekufa, na limekuwa kimya kwa sababu limekufa.

Mwombe daktari wa meno afanye yafuatayo kwa magego yote ya juu ya upande husika, makubwa na madogo:

1. Kipimo cha baridi, kujua kama kiini kiko hai. Jino lililosafishwa mizizi haliwezi kujibu kipimo hiki, kwa hiyo hilo linaangaliwa kwa njia nyingine.
2. Kugongwa taratibu kwa mpini wa kifaa. Jino lenye maambukizi kwenye ncha mara nyingi husikika tofauti na wenzake.
3. Kupimwa kina cha mfuko wa fizi kuzunguka jino lote. Shimo moja jembamba na refu upande mmoja hushukiwa kuwa ufa wa mzizi.
4. Kutazamwa upya kwenye skani, mzizi kwa mzizi. Je, kuna weusi kwenye ncha? Je, mfupa wa sakafu umesukumwa juu kama kofia ndogo juu ya mzizi?
5. Kukaguliwa kwa kazi ya zamani. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji (njia nyembamba ya ndani ya mzizi) wa nne uliojificha kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu. Ukisahaulika wakati wa kusafisha, jino linaonekana limetibiwa vizuri kumbe kuna chumba kimoja kilichobaki kichafu. Uliza kwa maneno haya: "Mifereji yote ya gego hili imejazwa?"

Picha ndogo ya kawaida ya jino moja inaweza kukosa haya yote kwa sababu mizizi na sakafu ya sainasi hupandana. Usikubali jibu la "meno yako safi" lililotokana na picha hiyo peke yake, hasa ikiwa skani ya pande tatu ipo tayari mkononi mwako.

Utajuaje umefaulu: Una maandishi, hata mistari mitatu, yanayotaja kila jino lililopimwa na matokeo yake. "Meno hayana tatizo" si matokeo. "Gego la kwanza la juu kushoto halijibu baridi, lina weusi kwenye mzizi wa kaakaani" ndiyo matokeo.

Onyo: Usikubali jino ling'olewe kwa kushukiwa tu. Jino hai lililoondolewa kwa kosa halirudi, na sainasi itabaki vilevile.

## Hatua ya 5: Pua ichunguzwe kwa kamera

Peleka kwa daktari wa masikio, pua na koo vitu vitatu: faili za picha, maandishi ya daktari wa meno, na daftari lako. Mweleze hivi, kwa ufupi: "Nilipigwa picha kwa ajili ya jino tarehe fulani, kivuli kikaonekana upande huu, meno yamepimwa na haya ndiyo matokeo. Naomba uangalie mlango wa sainasi."

Ataingiza kamera nyembamba puani baada ya kupulizia dawa ya ganzi. Haipendezi, lakini huchukua dakika chache tu. Anatafuta usaha unaotoka mlangoni, nyama laini zilizoota, ukuta wa pua uliopinda, au kitu kisicho cha kawaida kinachostahili kukatwa kipande kwa uchunguzi.

Picha zaidi huombwa pale zinapobadilisha uamuzi: sitiskani (CT scan ya hospitali) ikiwa skani ya meno haikufika kwenye mlango wa sainasi, MRI (picha inayotumia sumaku) ikiwa anataka kutenganisha kamasi na uvimbe. Wajawazito waseme mapema kabla ya picha yoyote ya mionzi.

Akikwambia "hili ni la meno" bila kukuwekea kamera, na wewe tayari una maandishi kwamba meno ni salama, mwonyeshe maandishi hayo kwa heshima na uombe tena. Ni haki yako.

## Hatua ya 6: Matibabu kwa mpangilio unaoeleweka

Kama chanzo ni jino, jino lazima litibiwe. Antibayotiki peke yake hupunguza moto kwa muda, kisha moto hurudi kwa sababu kuni bado ziko jikoni. Kusafisha mizizi, kurudia usafishaji uliokosewa, au kung'oa: moja kati ya hayo ndiyo tiba. Kwa watu wengi sainasi husafika yenyewe baada ya hapo. Kwa wengine mlango umeshaziba mno na upasuaji mdogo kwa kamera kupitia puani huhitajika pia. Kipi kitangulie ni uamuzi wa madaktari wote wawili. Omba wazungumze wao kwa wao, hata kwa simu, usiwe wewe mjumbe wa kupeleka maneno ya kitaalamu usiyoyajua.

Kama chanzo ni pua, kama vile mzio au utando sugu, tiba ni ya kupulizia na kusafisha pua, na jino linaachwa kwa amani.

Kama ni kifuko cha kuba kisicho na dalili, tiba ni kuandikwa kwenye faili na kuangaliwa tena.

Onyo kwa wanaong'olewa gego la juu: Baada ya kung'oa, sakafu inaweza kutoboka na kinywa kikaungana na sainasi. Ishara zake ni maji kutokea puani unapokunywa, au upepo kupita kwenye shimo la jino. Kitundu kilicho chini ya milimita 2 kwa kawaida hujifunga chenyewe. Kilichofika milimita 5 au zaidi mara nyingi hufungwa kwa upasuaji, na kadiri kinavyowahiwa ndivyo kinavyofungika vizuri. Kwa wiki mbili usipenge kamasi, piga chafya mdomo ukiwa wazi, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Na usijipime kwa kubana pua na kusukuma hewa. Hivyo ndivyo kitundu kidogo kinavyogeuka kikubwa.

## Hatua ya 7: Unapongojea miadi

Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia kulegeza kamasi na ni salama ukifuata kanuni moja isiyovunjwa: maji yawe yamechemshwa au ni yale yaliyotoneshwa, yaani maji ya mvuke uliopozwa. Maji ya bomba au kisima, hata yakiwa meupe kama kioo, yanaweza kuwa na ameba ambayo ikinywewa haidhuru lakini ikipanda puani huweza kufika kwenye ubongo. Maji yachemke kwa nguvu dakika 1 kamili. Mkiwa eneo la juu zaidi ya mita 2000, dakika 3. Yaache yapoe hadi uvuguvugu.

Kipimo ni gramu 9 za chumvi safi kwa lita 1, yaani zaidi kidogo ya gramu 2 kwa mililita 250. Ikichoma, chumvi imezidi au imepungua. Osha chombo na ukikaushe kila baada ya kutumia.

Ikiwa una kitundu kipya kilichotokana na kung'oa jino, usioshe pua mpaka daktari akuruhusu.

Dawa za kupulizia za kufungua pua iliyoziba zisizidi siku chache. Zikiendelea, pua huziba kwa sababu ya dawa zenyewe. Uliza kabla ya kupanda ndege au kuzamia ikiwa sainasi imejaa, kwani mabadiliko ya presha huleta maumivu makali.

## Hatua ya 8: Funga faili kwa jibu la maandishi

Usipigwe skani nyingine baada ya wiki mbili kwa ajili ya kutuliza moyo tu. Utando huchukua wiki hadi miezi kurudi hali yake, na mfupa kwenye ncha ya mzizi huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi miezi 6 hadi 12 au kupita hapo. Daktari atapanga marudio kulingana na kilichopatikana. Andika tarehe hiyo kwenye simu yako siku hiyohiyo, kabla hujatoka mlangoni.

Unajua umemaliza pale unapokuwa na karatasi yenye mambo matatu: kivuli kilikuwa nini, kimefanyiwa nini, na kitaangaliwa tena lini au kwa nini hakihitaji kuangaliwa tena. Kama sentensi ya mwisho ya daktari ilikuwa "tutaona", faili bado iko wazi. Rudi uulize.

## Kwa waliokuwa wanataka kupandikiza jino

Ninyi ndio mnaokutwa na jambo hili mara nyingi, kwa kuwa skani ya pande tatu ni sehemu ya maandalizi yenu. Usikubali kusukumwa kuendelea na kazi ya kuinua sakafu ya sainasi (kuongeza mfupa wa kushikilia jino jipya) huku sainasi yenyewe imejaa au mlango wake umeziba. Mfupa unaopandikizwa ndani ya chumba chenye maambukizi uko hatarini kuoza na skurubu kupotea. Kuchelewa kwa miezi michache ni kitu cha kuvumilika.

Kwa upande mwingine, kifuko kidogo cha kuba si lazima kizuie kazi. Daktari anaweza kuendelea akikijua kilipo, au kukiondoa kwanza, kutegemea ukubwa wake na mahali kilipokaa. Mwulize kabla ya kusaini fomu: "Mlango wa sainasi uko wazi kwenye skani yangu? Nionyeshe." Akuonyeshe kwa kidole kwenye kioo, ile njia nyembamba nyeusi ya hewa inayopanda kutoka kwenye sainasi kuingia puani. Ikiwa skani ilikatwa chini ya hapo na njia hiyo haionekani, basi hajaiona yeye pia, na fomu isubiri.